Mwaka Mzee Alipotembea Upande

Ule mwaka tulikula nyama mpaka tukaichukia. Mkisikia shosho, nyanya yenu, anasema hivyo mtafikiri tulikuwa matajiri. Hatukuwa. Mvua ilikuwa imekataa, majani yamekwisha kutoka Namanga mpaka Athi River, na Wamaasai walikuwa wakileta ng'ombe Kitengela wakiwa wamebaki ngozi na macho. Ng'ombe akishindwa kusimama kwenye lori, anachinjwa hapo hapo, na nyama yake, ngumu kama mshipi, inauzwa rahisi kuliko sukuma wiki. Kilichokuwa hakionekani ni unga. Asubuhi nyama, mchana nyama, na mtoto akilia njaa unampa nyama tena. Wenye kuandika vitabu watasema ni mwaka wa elfu mbili. Mimi nauita mwaka wa nyama bila ugali, na mtu yeyote wa rika langu pale Noonkopir, mtaa wetu wa Kitengela, anaukumbuka kwa meno.

Nilikuwa na kibanda cha supu karibu na kichinjio. Kazi yangu ilikuwa vichwa na miguu. Unachoma manyoya, unakwangua kwa kisu, unapasua kwa shoka, unatia kwenye sufuria kubwa na chumvi na pilipili, unaacha ichemke mpaka mfupa uachie. Shule niliacha darasa la pili, nikaenda kuchuma chai ya watu. Lakini ndani ya kichwa cha mnyama nimeingia mara nyingi kuliko mwalimu wangu alivyoingia darasani. Najua kuna ngozi, halafu mfupa, halafu utando mgumu mweupe kama nailoni, halafu ubongo wenyewe, laini kama uji uliolala. Ukipiga shoka vibaya unaharibu kila kitu. Mimi sikupiga vibaya. Wanaume walitoka Isinya kuja kunywa supu yangu, na sioni haya kulisema.

Kitengela ya siku zile msiitafute sasa, haipo. Hapo mnapoona maghorofa na kuta za mawe palikuwa uwanda. Nyumbu walipita nyuma ya choo changu kama majirani wasiosalimia. Ukisimama mlangoni pa kibanda ulikuwa unaona Ngong upande mmoja na Lukenya upande mwingine, na katikati hakuna kitu cha kukuziba macho. Kwa hivyo mtu akishuka barabarani, hata akiwa mdogo kama siafu, nilikuwa najua kama ni mzee wangu, babu yenu, au si yeye. Nilimjua kwa mwendo. Alitembea kama mtu aliyepigiwa kamba na fundi wa nyumba, wima, bila kupinda, mkono mmoja na fimbo na mwingine nyuma ya mgongo. Nikimwona naweka kikombe chake tayari, na akifika supu imepoa kiasi anachopenda. Mpaka leo mkono wangu huenda kwenye kikombe nikiona mtu mrefu barabarani, halafu nakumbuka.

Alikuwa broka wa mbuzi. Kila siku ya soko alikwenda Bisil, ananunua kwa wafugaji, anapeleka vichinjio vya Nairobi. Na alikuwa na namna yake ya kununua. Wengine hufungua mdomo wa mbuzi waangalie meno, wanabonyeza kiuno, wanainua mkia. Yeye alikaa kando, mbali kidogo, akamwambia mwenye mbuzi, "Usinipe habari zake. Mtembeze." Mbuzi akitembezwa hatua kumi tu alikuwa amemaliza. Huyu ana minyoo. Huyu ana mimba. Huyu kwato imeoza ndani. Watu walimlipia chai ili awatazamie mbuzi wao.

Huko Bisil alikuwa na rafiki, Mmaasai wa makamo, mrefu kumpita. Zamani yule Mmaasai alimpa mzee wangu mbuzi jike bure, kwa upendo tu. Kwao watu wakishapeana mbuzi hawaitani tena majina. Wanaitana Pakine, huyu anamwita yule Pakine na yule anamwita huyu Pakine, mpaka kaburi. Nasi nyumbani tukamwita hivyo hivyo, Pakine. Hata watoto wangu hawakujua jina lake lingine.

Sasa niseme ugonjwa ulivyoingia, kwa sababu uliingia kama mwizi anayejua nyumba.

Ulianza na kichwa. Mzee hakuwa mtu wa kulia kichwa. Lakini akaanza kuamka asubuhi ameshika paji la uso, na mara nyingine anatoka nje kutapika kabla hata ya kuweka kitu mdomoni. Mimi nikasema ni nyama. Kila mtu alikuwa anasema tumbo lake limeharibiwa na nyama, kwa nini lake liwe tofauti? Nikamfunga leso kichwani, nikaikaza. Nikamtafutia ugoro uliosagwa na magadi, apige chafya, kichwa kifunguke. Nikampa vidonge vya maumivu vya dukani, viwili asubuhi viwili jioni, siku baada ya siku. Havikusaidia ila kwa saa moja mbili. Nikampeleka kliniki moja ya mabati pale mjini. Wakamdunga sindano ya malaria. Wiki iliyofuata tukarudi, wakasema ni malaria na taifodi. Siku hizo kila kitu kilikuwa malaria na taifodi. Ungevunjika mguu wangekupa dawa ya malaria kwanza.

Halafu yakaja mambo madogo madogo, na hayo ndiyo yananiuma, kwa maana niliyaona yote. Aligonga mwimo wa mlango kwa bega la kushoto. Nikacheka. Kesho yake akagonga tena, bega lile lile. Nilimwona siku moja anakuja kutoka barabarani na sandali moja, ya kulia. Nikamuuliza, "Mzee, ya pili iko wapi?" Akatazama mguu kana kwamba ni wa mtu mwingine. Sandali ilikuwa imebaki njiani na yeye hakusikia. Kikombe cha supu kilimponyoka mkono wa kushoto, kikapasuka. Alianza kulala mchana, yeye ambaye alikuwa anawatukana wanaolala mchana. Na siku moja alimtafuta mtoto wetu wa mwisho kwa jina, jina likakataa kuja, akamwita "wewe mdogo," na sote tukacheka, hata yeye.

Kila jambo nililipatia sababu yake. Mlango ni mwembamba. Sandali imechakaa. Kikombe kilikuwa na mafuta. Usingizi ni njaa ya unga. Hakuna mtu aliyenidanganya. Nilijidanganya mwenyewe, kidogo kidogo, kama mtu anayeongeza maji kwenye maziwa.

Kilichonifungua macho ni mbuzi.

Siku moja ya soko alirudi kutoka Bisil na mbuzi mmoja wa kufuga nyumbani. Beberu mweupe mwenye doa shingoni. Akamfungua katikati ya uwanja, akasimama kando, mkono nyuma ya mgongo.

"Tazama mali hiyo," akasema.

Nikatazama. Mbuzi akainamisha kichwa upande mmoja, akaanza kuzunguka. Akazunguka, akazunguka, akafika pale alipoanzia, akaendelea. Kama amefungwa kwenye kigingi, na kamba hakuna. Majirani wakatoka. Mama mmoja muuza mkaa akashika kiuno akaita, "Mzee, hiyo mbuzi inatafuta nini? Imepoteza shilingi?" Watu wakavunjika mbavu.

"Inanyooka kama risasi," mzee akasema. Hakuwa anatania. "Hamjui mbuzi nyinyi. Tazameni inavyokwenda."

"Inakwenda wapi, baba? Inakwenda Nairobi kwa kuzunguka?"

Nilicheka na wao, nikafuta machozi kwa leso. Baadaye, alipopona, nilimchokoza kwa mbuzi huyo mpaka wajukuu wakajua hadithi, na alikataa kabisa kuwa aliwahi kumnunua. Alisema alibadilishiwa njiani. Lakini siku ile niliacha kucheka kabla ya wengine. Kwa sababu mbuzi wa kuzunguka sisi wote tunamjua. Wamaasai wanamwita mwenye ormilo. Hata mtoto wa kuchunga hawezi kumnunua. Na aliyemnunua ni mtu ambaye soko zima lilimlipia chai kwa macho yake.

Kesho yake asubuhi mbuzi alikuwa ameanguka, hawezi kuinuka. Tukamchinja. Kichwa nikakichukua mimi, kazi ni yangu. Nilipiga shoka moja, nikafungua polepole, na ndani, juu ya ubongo, nikaona mfuko wa maji. Mweupe, mwembamba, ukubwa wa yai la kuku. Haukuwa na damu wala usaha, maji safi tu. Nilipouinua, chini yake ubongo ulikuwa umebonyea, umefanya shimo, kama unga uliobonyezwa na ngumi. Ubongo wenyewe haukuwa umeoza. Ulikuwa umekaliwa.

Nilikaa pale kwenye kigoda na kile kichwa mapajani. Nikasema peke yangu, kumbe mguu ulikuwa mzima. Miguu yote minne ilikuwa mizima. Kitu kimekaa juu, na chini mguu ukapotea.

Nikainua macho. Mzee alikuwa anatoka chooni, anafuata ua wa miti. Bega la kushoto lilikuwa linaparuza miti ile, krr, krr, krr, na yeye haondoki, anaendelea tu.

Pakine alifika kabla jua halijawa kali. Alikuwa amepanda pikapu ya watu wa chumvi ya ng'ombe, iliyokuja Kitengela kuchukua mzigo na kurudi. Alikuja kwa aibu, maana jana jioni watu wa soko walimwambia kwamba rafiki yake ameuziwa mbuzi wa ormilo, na yeye hakuwepo siku ile amzuie. Alikuwa amemshika beberu mwingine, wa kufidia.

"Supa, yeiyo," akanisalimu. Kwao yeiyo ni mama.

"Supa oleng."

Hakuketi. Alikuwa anamtazama mzee akija kumlaki. Alimtazama kama wanavyotazama wao, kutoka chini kwenda juu, miguu kwanza. Mzee akamfikia, akanyoosha mkono wa kulia, wakasalimiana. Pakine hakuuachilia ule mkono.

"Pakine," akamwambia, "rudi nyuma hatua kumi. Halafu uje tena."

"Kwa nini?"

"Nataka kukuona."

"Unanitembeza?" Mzee alipandwa na hasira. "Mimi mbuzi wako?"

"Wewe ni Pakine wangu. Tembea."

Akatembea, kwa hasira, ili amwonyeshe. Alianza kwenye mlango wa kibanda akielekea kwa Pakine, na akaishia kwenye pipa la maji, hatua nne kushoto. Akasimama anatazama pipa. Uso wake siusahau. Ulikuwa uso wa mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Pakine akaniambia mimi, si yeye. "Yeiyo, mbuzi nitamfunga hapa. Chukua shuka. Pikapu inarudi Kajiado sasa hivi."

Tulimketisha mbele, mimi na Pakine tukapanda nyuma na magunia. Barabara ile naipenda mpaka leo. Ilikuwa kavu, miiba na vumbi jekundu na mizoga ya ng'ombe pembeni, na bado ilikuwa nzuri, sijui niwaelezeje. Labda ni kwa sababu ndani ya gari nilikuwa naona kisogo chake.

Hospitali ya Kajiado tulimpata daktari kijana, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Hakukimbilia sindano. Alimwambia mzee anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja juu, afunge macho. Mzee akafanya hivyo. Mkono wa kulia ukabaki. Wa kushoto ukaanza kushuka, polepole, unajipindua, kama mtu anayesinzia. Mzee akaulizwa, "Mikono yako iko wapi?" Akajibu, "Iko juu yote." Pakine akageuka akatazama ukuta.

Daktari akamwambia acheke, aonyeshe meno. Mdomo ukaenda kulia zaidi. Akamfanya ashike pua yake kwa kidole, akamwangaza macho na tochi, akampigia goti kwa nyundo ndogo ya mpira. Halafu akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Mama, aligongwa kichwa siku za karibuni?"

Nikasema hapana. Pakine akasema, "Ndiyo." Kumbe wiki sita saba nyuma, hapo Bisil, wakipakia mbuzi, ubao wa nyuma wa lori uliteremka ukamgonga mzee upande wa kichwa. Hakutoka damu. Alikaa chini kidogo, akavaa kofia, akaendelea na kazi. Nyumbani hakusema neno, kwa sababu mtu mzima hasemi amegongwa na ubao.

Daktari akaandika barua. Akaniambia nisirudi Kitengela kupanga mambo, nipite moja kwa moja hospitali kubwa ya Nairobi, leo. Huku tukingoja gari la hospitali, alikaa na mimi kwenye benchi akanieleza, na maneno yake nimeyabeba kama mzigo wa kuni, sijayaweka chini. Alisema vichwa vingi vya kuuma ni vya kawaida, moshi, njaa, machozi, kukosa usingizi, macho yanayotaka miwani. Hivyo huja na huenda. Mkono ukifa ganzi kwa kuulalia, unautikisa, unaamka, usimsumbue mtu. Lakini kichwa kipya kwa mtu ambaye hakuwa nacho, kinachozidi kila wiki, kinachomwamsha asubuhi na kumtapisha, hicho hakingojwi. Kichwa baada ya kugongwa hakingojwi, hata kama ni mwezi umepita, na zaidi kwa mzee au kwa mlevi. Upande mmoja wa mwili ukilegea, mguu ukiburuta, mtu akigonga vitu upande ule ule, akisahau vibaya, akilala kupita kiasi, nenda siku hiyo. Na mdomo ukipinda ghafla, au mkono ukianguka ghafla, au maneno yakichanganyika mdomoni, au kichwa kikipasuka kama radi kwa mara moja, usingoje siku, nenda saa hiyo hiyo. Hata ikiondoka yenyewe baada ya dakika chache, nenda, maana imekuja kupeleleza. Mtu akipatwa na degedege asiyekuwa na kifafa, vivyo hivyo.

"Na vidonge vya maumivu mlimpa?" akaniuliza.

Nikamtajia vile nilivyokuwa nampa. Akasema vya aina ile hufanya damu isigande, na mtu anayevuja ndani huvuja zaidi. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu kidogo.

Nairobi walimlaza, wakampiga picha ya kichwa kwa mashine ya duara. Safari hiyo Pakine alinisindikiza mpaka mlangoni, na shuka lake jekundu na kisu kiunoni, mlinzi akakataa kumwingiza na kisu. Akampa mlinzi kisu akaingia. Sijawahi kumwona Mmaasai wa umri ule akitoa kisu kwa mtu hivi hivi.

Daktari wa Nairobi alikuwa msichana, mdogo kuliko binti yangu wa kwanza. Aliinua ile picha kwenye taa. Nikaona kichwa cha mzee wangu kimekatwa kama ninavyokata mimi, mfupa mweupe duara, ubongo ndani. Na upande wa kulia, kati ya mfupa na ubongo, kitu kimelala kama mwezi mchanga. Ubongo ulikuwa umesukumwa mpaka mstari wa katikati umepinda.

"Mama, unaona hapa—" akaanza.

"Kitu kimemkalia," nikasema. "Chini ya utando mgumu. Ni maji?"

Akanitazama. "Ni damu ya zamani. Imekuwa kama maji meusi, kama oili ya injini. Mama, wewe ni muuguzi?"

"Mimi nauza supu ya vichwa."

Akacheka, halafu akaona aibu, nikamwambia acheke tu. Nikamuuliza kwa nini kitu kiko kulia na mguu mbovu ni wa kushoto. Akanieleza kwamba waya za ubongo hupishana, upande wa kulia ndio unaoendesha mkono na mguu wa kushoto. Akasema watatoboa matundu mawili madogo kwenye mfupa, watatoa ile damu, wataosha, wataacha mrija siku mbili. Akasema asipotobolewa atalala, na usingizi utazidi, na hataamka. Akasema pia, bila kunificha, kwamba wengine hufia humo ndani.

"Tumia mkono mwepesi," nikamwambia. "Huo utando ukishaupita, chini yake ni laini sana."

Alileta karatasi na kibweta cha wino. Kuandika jina nilijifunza baadaye, kwenye ngumbaru, darasa la watu wazima, nikiwa na wajukuu. Siku hiyo nilitia kidole gumba, na nilikikandamiza mpaka kucha ikaingia.

Mashemeji wangu walifika kesho yake saa nane mchana, wawili, kutoka kwetu kwa milima. Nani aliwaambia sijui, habari mbaya hupanda basi la kwanza. Mkubwa wao alikuwa mtu wa kanisa, mwenye koti, mzito wa sauti. Walimkuta ndugu yao kitandani amenyolewa nusu kichwa, amelala, mdomo wazi. Wakamwita. Akafungua macho, akayafunga.

"Shemeji, umefanya nini?" mkubwa akaniuliza.

Nikawaeleza. Lori, ubao, damu, picha. Nikawaambia habari ya matundu mawili.

"Kichwa cha mtu wetu hakitobolewi," akasema. "Mtu akifunguliwa kichwa harudi mzima. Huyu ana malaria imepanda kichwani, kila mtu anajua. Tumekuja na gari. Tunamrudisha nyumbani, aombewe, na kama ni kufa afie kwa mama yake."

"Ana damu ndani."

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Wewe?" Akamgeukia mdogo wake. "Muuza supu ameona."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wanasikiliza, wengine wamejiinua kwa viwiko. Shemeji mdogo, ambaye nilimlea mimi nikiwa bibi arusi, ambaye nilimwogesha, akaniambia kwa upole, na upole wake uliniumiza zaidi. "Mama, fikiria. Akibaki hai bila akili, utamwosha wewe peke yako? Na akifia mikononi mwao, watu watasema nani alimtoa?"

"Watasema mimi."

"Basi."

Mkubwa akainama akaniambia karibu na sikio. "Akifia huko ndani, usikanyage kwetu. Si kwa mazishi, si kwa shamba. Wewe na watoto wako."

Alikuwa na uwezo wa kulifanya, nilijua. Hatukuwa na nyumba nyingine ila kile kibanda na ploti ya kukodi. Kila mti wa kahawa niliopanda, choo nilichochimbisha, kaburi la mtoto wangu wa tatu, vyote viko huko kwao.

Wakamwita muuguzi. Wakasema familia imeamua mgonjwa aondoke. Muuguzi akasema wenye kuamua ni mgonjwa mwenyewe au bibi yake, na bibi ndiye aliyetia kidole, basi bibi ndiye wa kukitengua. Akaleta karatasi nyingine, ya kumtoa mgonjwa kwa hiari. Akaiweka kwenye kile kimeza cha kitanda, mbele yangu, na kibweta cha wino kimefunguliwa. Pakine alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, hana kisu. Hayakuwa yake kusema.

Nilimtazama mzee. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala juu ya blanketi, kiganja juu, vidole vimejikunja. Kwa mlango mtu alikuwa ameleta kitanda cha magurudumu cha kumpeleka akatobolewe, anangoja. Kidole changu gumba kilikuwa bado cha bluu.

"Shemeji," mkubwa akasema, "tia hapo twende."

"Siweki kidole. Toeni hiyo wino mbele yangu."

"Umejua unachokisema?" Aliinua sauti, wodi nzima ikasikia. "Umenisikia nilivyokuambia juu ya shamba? Nakuuliza mbele ya hawa watu wote, na nakuuliza mara ya mwisho."

Muuguzi naye akafungua faili, akashika kalamu. "Mama, lazima niandike. Niandike umesema nini?"

Nikamwambia aandike hivi hivi, asipunguze.

"Siweki kidole. Toeni hiyo wino mbele yangu."